Lugha kali, lugha legevu, na maziwa ya watu

Najua nimepotea kwa muda, na wachache wenu mmeniuliza kama nimeacha kuandika au nimehama nchi. Sijahama. Ni kazi tu, mnajua mambo ya kazi.

Leo nataka niongee kuhusu ugomvi mmoja wa watu wanaotengeneza programu za kompyuta. Kama wewe si programa usikimbie, nitaeleza polepole, na mbele kidogo utakuta ng'ombe. Ugomvi wenyewe ni huu: je, lugha ya kuandikia programu iwe kali kuhusu aina za vitu, au iwe legevu? Ukisikia hivyo unafikiri ni jambo dogo la watu wasio na kazi ya kufanya. Mimi mwenyewe nilikuwa nikifikiri hivyo. Nimewahi kuona watu wazima wenye digrii wakinyang'anyana marka ya ubaoni kwa sababu ya swali hili, nikacheka, nikaenda kununua chai.

Kwanza, aina ni nini? Ndani ya kompyuta hakuna kitu ila sifuri na moja. Sisi binadamu ndio tunaoamua kwamba kifungu hiki ni namba, kile ni maandishi, na kile kingine ni tarehe. Huo uamuzi ndio aina. Namba 5 ukiijumlisha na 3 unapata 8, hakuna ubishi. Lakini kama hiyo "5" ni maandishi, yaani alama tu ya kuonyeshwa kwenye skrini kama vile herufi B, kuijumlisha na 3 maana yake ni nini?

Hapo ndipo lugha zinapoachana. Ukiipa Python kazi hiyo inakataa katakata, inasimama na kukuambia kwamba hivi viwili havijumlishiki. Ukiipa JavaScript, inaigeuza ile 3 kuwa maandishi kimyakimya, inavigandisha pamoja, na kukurudishia "53". Halafu ukiiambia JavaScript hiyo hiyo itoe badala ya kujumlisha, "5" - 3, inageukia upande wa pili, sasa maandishi yanakuwa namba, unapata 2. PHP nayo inajumlisha tu kama mtu mzima na kukupa 8. Ile inayokataa tunaiita kali. Hizi mbili zinazokusaidia bila kuombwa tunaziita legevu.

Sasa kuna jambo linalochanganya watu, na kwa maoni yangu nusu ya ugomvi wote unatoka hapa. Kuna swali la pili linalofanana na hili lakini si hili: aina zinakaguliwa lini? Java na C zinakagua kabla programu haijaanza kukimbia, wakati wa kuitafsiri kwenda lugha ya mashine. Python na PHP kwa kiasi kikubwa zinangoja mpaka mstari wenyewe ufikiwe. Watu wengi wakisema "lugha kali" wanamaanisha ile inayokagua mapema. Lakini C inakagua mapema na bado ni legevu, unaweza kujumlisha herufi 'A' na 1 ukapata 66 na hakuna atakayekuuliza. Na Python inachelewa kukagua lakini ikishafika hapo haina mchezo. Barbara Liskov na Stephen Zilles walijaribu kuliwekea neno hilo mpaka mwaka 1974. Walisema, kwa ufupi, kwamba kitu kikipelekwa kutoka sehemu moja ya programu hadi nyingine, aina yake ikubaliane na ile iliyotangazwa huko kinakokwenda. Tangu wakati huo kila mtu amelivuta neno upande wake. Kwa hivyo ukiwaona wawili wanabishana, waulize kwanza kama wanabishana kuhusu ulegevu au kuhusu muda wa ukaguzi. Mara nyingi utakuta mmoja yuko kwenye swali hili na mwenzake yuko kwenye lile.

Mwenzangu mmoja wa kazini, mtu wa Java, ametoka Mombasa. Huyu bwana anasahihisha misimbo yetu na anasahihisha Kiswahili chetu vilevile. Ukimwambia "nipe kitabu yangu" anakuangalia hadi useme "changu". Sisi wa Nairobi tunamwona msumbufu, kwa sababu alielewa tangu mwanzo, sivyo? Siku moja akanijibu hivi: mtu akikuambia "ndege ameanguka" utajua ni kunguru au njiwa, na akikuambia "ndege imeanguka" utakimbia kuwasha redio usikie walikufa wangapi. Lakini ninyi wa Nairobi mnasema "imeanguka" kwa yote mawili, halafu mnategemea msikilizaji akisie. Nikamwambia msikilizaji hukisia vizuri. Akasema ndiyo, mpaka siku atakapokosea, na siku hiyo hatajua kwamba amekisia.

Nilicheka. Nilikuwa sijakutana na njia ya kumi.

Mwaka 2021 nilikuwa na miaka 24, mwaka mmoja tu tangu nimalize shahada ya kompyuta. Nikapata kazi ya kuandikia programu ushirika mmoja wa wafugaji wa ng'ombe wa maziwa, jina nalihifadhi. Kama hujui ushirika wa maziwa unavyofanya kazi, ni hivi: asubuhi na mapema wakulima wanaleta maziwa kwenye kituo kando ya barabara. Karani anayapima kwenye mizani na kuandika kilo kwenye daftari lake na kwenye kadi ya mkulima. Lori linapita kukusanya, na mwisho wa mwezi kilo zinajumlishwa, kila mtu analipwa zake. Kila njia ya lori ina namba, kila kituo kwenye njia kina herufi, na kila mkulima kituoni ana namba yake. Mkulima wa tatu, kituo cha A, njia ya 4, ni 4A3. Mpango huo ulikuwepo kabla yangu, kwenye madaftari, na ulikuwa mzuri. Mimi niliuingiza tu kwenye kompyuta jinsi ulivyokuwa.

Niliandika kwa PHP kwa sababu ndiyo niliyoijua na ndiyo iliyokuwa kwenye seva yao ya bei rahisi. Makarani walileta madaftari jioni, kilo zikaandikwa kwenye jedwali, faili likasomwa na programu yangu. Kwa kila mstari programu ilipita kwenye orodha ya wakulima kuanzia juu, ikilinganisha namba, na ilipopata inayolingana ikamwandikia kilo. Mwisho wa siku ilihakikisha kwamba jumla ya kilo zilizoingia ni sawa na jumla ya zilizogawanywa. Nilijivunia sana ukaguzi huo wa mwisho. Miezi mitano, hakuna lalamiko hata moja.

Mwezi wa sita ushirika ulifungua njia mpya, ya kumi, yenye vituo vitano, A hadi E. Malipo yalipotoka, wakulima wote tisa wa kituo cha E walikuta sifuri. Si pungufu. Sifuri. Vituo vingine vinne vya njia hiyo hiyo vilikuwa sawa kabisa.

Nilikuwepo ofisini waliposhuka kutoka kwenye matatu. Mmoja wao, mama wa makamo, alikuwa na kadi yake kwenye mfuko wa plastiki, imeandikwa kila siku kwa kalamu ya karani: 11, 10, 11, 12, mpaka mwisho wa mwezi. Kilo 318. Kwa bei ya wakati huo, shilingi 45, hiyo ni shilingi 14,310. Namba yake 10E4. Akaniambia, "Mwanangu, ng'ombe wangu alikamuliwa kila siku. Hiyo maziwa ilienda wapi?" (Rafiki yangu wa Mombasa angesema "maziwa hayo yalienda wapi", lakini hakuwepo, na si siku yake.)

Meneja akaniita. Akauliza kama programu inaweza kukosea. Nikamjibu maneno ambayo nikiyakumbuka usiku hupata shida kulala. Nilisema, "Bwana meneja, kompyuta haikosei. Inaandika kile ilichopewa." Nikamwonyesha jumla: kilo zilizoingia na kilo zilizotoka, sawasawa hadi ya mwisho. Basi kama hakuna kilo iliyopotea, na watu tisa hawana kitu, ina maana maziwa yao yameandikiwa watu wengine. Na anayeandika ni nani? Ni karani. Tukatafuta nani amepata zaidi ya kawaida, tukakuta wakulima tisa wa njia ya kwanza, kituo cha E pia. Kwa meneja hiyo ikawa imekwisha. Karani wa kituo kipya ana ushirikiano na watu wa njia ya kwanza, wanagawana pesa. Kijana huyo, rika langu, akasimamishwa kazi siku hiyo hiyo, bila mshahara.

Alikaa nyumbani wiki mbili.

Kilichonifanya nirudi kuangalia si huruma, nisijisifu. Ni unadhifu. Kilo za 10E1 zilikuwa zimekwenda kwa 1E2. Za 10E2 zimekwenda kwa 1E3. Za yule mama, 10E4, ziko kwa 1E5. Zote tisa, daima namba moja mbele, bila kuruka. Mwizi haibi kwa mpangilio hivyo. Mwizi ana binamu yake, ana rafiki yake, haibi kama jedwali la kuzidisha.

Saa tano usiku nikaandika kwenye kompyuta swali moja tu: je, "1E2" == "10E1"? PHP ikajibu: ndiyo, ni sawa.

Kama ulitumia kalkuleta ya sayansi katika shule ya upili labda umeshaona. Herufi E kati ya tarakimu mbili maana yake ni "zidisha kwa kumi mara kadhaa". 1E2 ni moja ikifuatwa na sifuri mbili, yaani 100. 10E1 ni kumi ikifuatwa na sifuri moja, yaani 100. PHP ikipewa maandishi mawili ayalinganishe kwa alama mbili za usawa, na yote mawili yakiwa na sura ya namba, inayageuza kuwa namba kwanza, ndipo inalinganisha. Haikuonya. Haikuandika popote. Ilinisaidia. 4A3 haina sura ya namba kwa hivyo ikabaki maandishi. Ni kituo cha E peke yake kilichokuwa na sura hiyo, na ilibidi tufike njia ya kumi ndipo namba mbili zigongane, kwa sababu kumi ni moja yenye sifuri. Na kwa kuwa njia ya kwanza iko juu kwenye orodha, ndiyo iliyopata maziwa kila mara.

Marekebisho yalikuwa alama moja. Alama tatu za usawa badala ya mbili, maana tatu huiambia PHP isigeuze chochote. Nilibonyeza kitufe kimoja, nikakaa kwenye kiti nikiangalia ukuta.

Kesho yake nilimpigia simu rafiki yangu wa Java, na bila shaka alisema nilichojua atasema: "Ungetumia lugha yenye aina, kaka, haya yote yasingetokea." Hapo ndipo na mimi nikaingia kwenye ugomvi niliokuwa naukimbia. Kwa sababu si kweli, au si kweli kwa jinsi alivyosema. Python haitangazi aina popote ukiamua hivyo, na Python ingejibu hapana, "1E2" na "10E1" ni maandishi mawili tofauti. Hata JavaScript, ambayo kila mtu anaicheka, ingejibu hapana, kwa sababu yote mawili ni maandishi na haioni sababu ya kuyagusa. Na Java yake? Katika Java ukitumia alama mbili za usawa kwenye maandishi hujauliza kama herufi ni zile zile. Umeuliza kama ni kitu kile kile kimoja kwenye kumbukumbu ya mashine. Maandishi mawili yaliyosomwa kutoka sehemu mbili, herufi zote sawa, Java inaweza kukuambia si sawa. Kila mtu wa Java amewahi kuumwa na hilo wiki yake ya kwanza. Alinyamaza kwa muda, na nilifurahia kimya hicho kuliko ilivyostahili.

Halafu akasema PHP mpya ina swichi ya ukali. Ipo, ilikuja na PHP 7 mwaka 2015, unaandika tamko juu ya faili. Lakini swichi hiyo inalinda vitu vinavyoingia na kutoka kwenye funksheni. Alama mbili za usawa haizigusi. PHP 8, iliyotoka Novemba 2020, ilirekebisha aibu nyingine, ile ya kusema kwamba sifuri ni sawa na neno lolote lisilo namba, kwa mfano 0 == "maziwa". Ila maandishi mawili yenye sura ya namba bado yanalinganishwa kama namba. Jaribu leo kwenye mashine yako uone. Watu wa usalama walikuwa wameshaijua herufi hii kabla yangu: kuna maneno ambayo ukiyapitisha kwenye md5 yanatoa matokeo yanayoanza na 0e yakifuatwa na tarakimu tupu, kama vile 240610708 na QNKCDZO. Sifuri ikizidishwa kwa chochote ni sifuri, kwa hivyo programu iliyolinganisha nywila kwa alama mbili ingeona hayo mawili ni sawa na kumfungulia mtu mlango.

Lakini sitaki kuitukana PHP, na hili ndilo jambo watu wa lugha kali hawalisemi. Ulegevu huu haukuwekwa na wajinga. Rasmus Lerdorf alianza PHP mwaka 1994 kwa ajili ya kurasa za wavuti, na kwenye wavuti kila kitu anachojaza mtu kwenye fomu kinafika kama maandishi. Umri wako ni maandishi. Kiasi cha pesa ni maandishi. Lugha inayokataa kujumlisha "500" na "200" ingemchosha mtu kabla ya saa sita mchana. Brendan Eich naye aliandika toleo la kwanza la JavaScript Mei 1995 kwa siku 10, lugha ya watu ambao hawakuwa maprograma, waweze kuweka kitu kwenye ukurasa kikafanya kazi. Mimi ni mmoja wa watu hao. Nilijifunza kwenye saiba kafe, nikilipia kwa dakika, na kama kitu cha kwanza nilichokutana nacho kingekuwa ukurasa mzima wa makosa ya kompaila, ningeenda kucheza mpira. Ulegevu ndio uliniingiza kwenye kazi hii.

Na ukali nao una makaburi yake. Tarehe 4 Juni 1996 roketi ya Ariane 5 ilirushwa mara ya kwanza kutoka Kourou, Guiana ya Ufaransa, na baada ya sekunde kama 40 ikapasuka angani. Programu yake ya kuongoza safari iliandikwa kwa Ada, lugha kali kama zipo, iliyotengenezwa makusudi kwa kazi za hatari. Sehemu hiyo ilirithiwa kutoka Ariane 4. Kulikuwa na namba yenye desimali ya biti 64 iliyopaswa kugeuzwa kuwa namba kamili ya biti 16, ambayo haiwezi kuzidi 32,767. Kwenye Ariane 4 haikufika huko kamwe. Ariane 5 ilikwenda kwa kasi zaidi, namba ikazidi. Na Ada ilifanya nini? Ilifanya kazi yake. Iliona kosa, ikapiga kelele, ikakataa kuendelea. Ugeuzaji huo haukuwa na kinga, kwa hivyo kompyuta ikajizima. Ya akiba ilikuwa na programu ile ile, nayo ikajizima kwa sababu ile ile. Roketi ikabaki haijui inaelekea wapi.

Kinachoniuma katika kisa hicho ni kwamba hesabu iliyoleta kosa haikuwa na kazi yoyote baada ya roketi kuondoka ardhini. Ingetoa jibu bovu, hakuna aliyelihitaji. Wale wa lugha legevu wakikisimulia wanakohoa kidogo hapo. Wana haki ya kukohoa. Wahandisi walijua pia: tume ya uchunguzi ilieleza kwamba kulikuwa na namba saba zenye hatari hiyo, nne zikawekewa kinga, tatu zikaachwa, ili kuipunguzia kompyuta mzigo. Kwa hivyo ukali wa lugha haukuondoa uamuzi wa binadamu. Uliusukuma tu hadi mahali ambapo mtu alilazimika kuandika kwa mkono wake kwamba hapa hatuhitaji kinga.

Hapo ndipo mimi ninaposimama, kama mnataka kujua. Sikuhama PHP. Ninachoogopa si lugha inayogeuza vitu. Ni lugha inayogeuza bila kusema. Ariane ilipasuka mchana, dunia nzima ikaona, na tume ikakaa. Maziwa ya njia ya kumi yalihama kwa siku thelathini bila sauti hata moja, na jumla ikawa sawa, na kwa kuwa mashine ilikuwa kimya, tulitafuta mtu wa kulaumu na tukampata.

Ugomvi wenyewe unaendelea, na naona wa kali wanashinda polepole. Microsoft walitoa TypeScript mwaka 2012, JavaScript yenye kukagua aina mapema. Utafiti wa Gao, Bird na Barr wa mwaka 2017 ulichukua makosa halisi kwenye miradi ya JavaScript ukakuta kama asilimia 15 yangekamatwa na TypeScript au Flow kabla ya kufika kwa watu. Ukisoma namba hiyo, soma na ile 85 iliyobaki. Python ina maelezo ya aina tangu mwaka 2015, ukipenda. Na mwaka 2023 David Heinemeier Hansson aliiondoa TypeScript kwenye mradi wake wa Turbo, mtandao ukawaka moto siku kadhaa. Ndipo nikakumbuka wale wa marka ya ubaoni.

Tena si maprograma peke yao. Excel inageuza kila kitu inachodhani ni tarehe, na mwaka 2020 kamati inayopanga majina ya jeni za binadamu ilibadilisha majina ya kadhaa, MARCH1 ikawa MARCHF1, kwa kuwa Excel iliendelea kuwasomea wanasayansi mwezi wa tatu. Imagine, binadamu wamebadilisha jina la jeni kwa sababu ya jedwali.

Turudi kwa maziwa nimalize. Kurekebisha msimbo kulichukua sekunde, kurekebisha mwezi kulichukua siku tisa. Wale wa njia ya kwanza walikuwa wameshatumia pesa, na wala hawakuiba, walidhani ni bonasi. Ushirika ukawakata kidogo kidogo kwa miezi minne. Mama wa 10E4 alilipwa zake zote ndani ya wiki hiyo, na hakuwahi kuniuliza ilikuwaje.

Kwa karani nilikwenda mwenyewe, pamoja na meneja. Tulimkuta akikata nyasi za ng'ombe nyuma ya nyumba yao. Nilimweleza yote, herufi E, sifuri, alama mbili na alama tatu, nikichora kwenye mchanga kwa kijiti. Alisikiliza mpaka mwisho. Akaniuliza, "Kwa hivyo bwana, ilikuwa hesabu tu? Hakuna mtu aliyenisingizia?"

Nikamwambia hapana, mimi ndiye niliyekusingizia. Meneja akakohoa. Karani akafuta mchoro kwa mguu, akaenda kunawa mikono, akatuletea chai. Alirudi kazini Jumatatu, na wiki zile mbili akalipwa, nilihakikisha kwa kukaa mlangoni kwa mhasibu.

Sasa namba za wakulima zina aina yake zenyewe kwenye programu, haziwezi kulinganishwa na kitu kingine chochote, na hata rafiki yangu wa Java amezikagua na kukosa la kusema. Niliuandikia ushirika barua kwamba tatizo limekwisha kabisa na wasiwe na hofu. Mwaka uliofuata wakafungua njia ya kumi na moja, ndefu, vituo vitano. Walinitumia orodha niiingize: A, B, C, D, F.